Zilizobaki: Kwa Nini Uvimbe wa Ubongo Hurudi

Salamabila ni mji wa dhahabu. Uko wilaya ya Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani na mgodi wa Namoya ambako kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 na kusimamisha kazi mwaka 2019 baada ya mashambulizi na utekaji nyara. Wachimbaji wadogo wao hawakuondoka. Katika mji wa namna hii, mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani mwake, maelezo hayakosekani: ni malaria iliyopanda kichwani, ni uchovu wa shimoni, ni jirani mwenye kijicho aliyesikia kwamba dhahabu imepatikana. Mara nyingi huwa kweli ni malaria, au homa ya uti wa mgongo, au vifuko vya tegu vilivyojichimbia ndani ya ubongo. Mara chache huwa ni uvimbe.

Wale wachache, wakibahatika kufika kwenye hospitali yenye mpasuaji wa ubongo, husikia kwanza neno la faraja: uvimbe umetolewa. Baada ya miezi kadhaa husikia la pili: umerudi. Hapo ndipo lawama huanza kugawanywa. Daktari hakukata vizuri. Mgonjwa alikula alichokatazwa. Aliyemloga hakuridhika. Utafiti wa miaka thelathini iliyopita unatoa jibu jingine kabisa, na ingawa hadithi yake huwa inasimuliwa kuanzia Toronto, swali lenyewe liliulizwa mapema zaidi Kampala na Nairobi, kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Akawatafuta wengine kama huyo, akaandika juu yao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakajipakia kwenye gari kuukuu, wakazunguka hospitali za misheni na za serikali kutoka Uganda hadi Afrika Kusini kwa wiki kumi, wakiuliza kila mahali: mmewahi kuona ugonjwa huu? Uvimbe huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt, na una tabia moja iliyowashangaza madaktari wa wakati ule. Ulikuwa ukikua kwa kasi ya kutisha, lakini ukichomwa dawa kama siklofosfamidi unayeyuka ndani ya siku chache. Mtoto aliyeletwa hawezi kufunga mdomo alikuwa anakula mwenyewe wiki iliyofuata.

Agosti 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu limfoma, ambacho kilikuwa mbegu ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkuu wake wa kwanza alikuwa kijana wa Kimarekani, John Ziegler. Baada yake akaja Charles Olweny, Mganda. Ziegler na wenzake waligundua jambo la kukatisha tamaa. Baadhi ya watoto waliopona taya walikuwa wanarudi na jicho lisilogeuka, au uso ulioanguka upande mmoja. Uti wao ulipochomwa sindano na maji yake kutazamwa kwa hadubini, zilionekana seli za saratani zikielea humo. Taya ilikuwa safi, lakini ubongo ulikuwa umewapa maadui hifadhi.

Sababu inaeleweka. Mishipa midogo ya damu ya ubongo imeshonwa kwa kubana kuliko mishipa ya sehemu nyingine za mwili. Huruhusu sukari na oksijeni kupita, na huzuia vitu vingi vingine, dawa zikiwemo. Dawa iliyochomwa mkononi ilisafisha taya bila kufika kwenye utando wa ubongo. Timu ya Kampala ikaanza kupitisha dawa ya methotreksati moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo, na mwaka 1970 ikachapisha maelezo ya wagonjwa wake wa Uganda katika jarida la Blood. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa madaktari waliopewa Tuzo ya Lasker kwa kazi ya kutibu saratani kwa dawa.

Nairobi iliuliza swali gumu zaidi. Uvimbe unaporudi, aliyerudi ni nani? Ni ule wa zamani, au ni mwingine mpya?

Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo katika Hospitali ya Kenyatta, alishirikiana na Philip Fialkow wa Seattle na George Klein wa Stockholm. Walitumia kimeng'enya cha G6PD, kile kile ambacho upungufu wake huwafanya baadhi ya watu waharibikiwe na damu wakipewa dawa ya malaria iitwayo primakwini. Kimeng'enya hiki kina aina zaidi ya moja, na zote mbili kuu, A na B, ni za kawaida Afrika. Maagizo yake yamo kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, lakini kila seli yake hutumia moja na kuizima nyingine. Kwa hiyo msichana aliyerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine, damu yake na ngozi yake huwa mchanganyiko wa seli za A na seli za B. Uvimbe wake ukikutwa una aina moja tu, maana yake seli zote za uvimbe ule, ziwe mamilioni mangapi, zimetokana na bibi mmoja.

Ndivyo walivyokuta, wakatangaza mwaka 1970 katika Lancet. Miaka miwili baadaye wakaeleza habari ya mgonjwa ambaye uvimbe uliomrudia ulikuwa wa aina tofauti na ule wa kwanza. Huyo alikuwa amezalisha saratani mpya. Bila kromosomu kusomwa herufi kwa herufi, bila kompyuta, kwa damu na vipande vya nyama kutoka hospitali ya umma, swali la nani amerudi likawa swali la kupimwa badala ya kukisiwa. Ni kazi ambayo haisimuliwi inavyostahili katika nchi ilikofanyika.

Kwa uvimbe wa ubongo unaoitwa glioblastoma, jibu la swali la Nairobi ni chungu: anayerudi kwa kawaida ni mzao wa yule yule wa kwanza. Vinasaba vya uvimbe uliorudi huonyesha ukoo mmoja na ule uliotolewa, ingawa njiani umeongeza mabadiliko yake.

Glioblastoma ndiyo saratani kali kuliko zote zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima na ambazo hutokea kwa wingi. Haichagui tajiri wala maskini. Iliwaua maseneta wawili wa Marekani, Edward Kennedy mwaka 2009 na John McCain mwaka 2018, na katikati yao, mwaka 2015, Beau Biden, mwana wa aliyekuwa makamu wa rais wakati huo. Watu hao hawakukosa daktari wala fedha.

Wapasuaji walijua zamani kwamba kisu peke yake hakitoshi. Mwaka 1928 Walter Dandy wa Baltimore alieleza jinsi alivyowaondolea wagonjwa kadhaa nusu nzima ya kulia ya ubongo, wagonjwa ambao tayari walikuwa wamepooza upande wa pili, kwa matumaini kwamba ukiondoa nusu yote umeondoa na uvimbe wote. Uvimbe ulijitokeza upande uliobaki. Seli za glioblastoma hutambaa kufuata nyuzi za ubongo, mbali na donge linaloonekana kwenye picha. Kile mpasuaji anachokiita ukingo wa uvimbe ni mahali ambapo macho yake yamekoma kuona.

Basi baada ya kisu huja mionzi na dawa. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walitoa matokeo ya majaribio kwa wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Waliopata mionzi pekee, nusu yao walikuwa wamefariki kufikia miezi 12.1. Waliopata mionzi pamoja na vidonge vya temozolomaidi, miezi 14.6. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai ni asilimia 10.4 katika kundi la kwanza na asilimia 26.5 katika la pili. Miezi miwili na nusu ya wastani inaweza kuonekana kitu kidogo, lakini mgonjwa mmoja kati ya wanne kufikisha miaka miwili lilikuwa badiliko kubwa, na hadi leo matibabu ya kawaida duniani yamejengwa juu ya jaribio lile. Ila karibu wote uvimbe huwarudia. Kwa nini?

Hapo ndipo zinapoingia seli shina.

Mwili wenye afya una seli za namna hii kwenye uboho, kwenye ngozi, kwenye utumbo, na chache ndani ya ubongo. Kazi yao ni kuzaa. Seli shina ikigawanyika huweza kutoa moja inayobaki shina na nyingine inayokua na kuwa seli ya kazi, iwe ya damu au ya ngozi. Seli ya kazi huchoka na kufa, shina hubaki. Mwaka 1994 kundi la John Dick huko Toronto lilionyesha kwamba katika aina moja ya saratani ya damu, ni sehemu ndogo tu ya seli iliyoweza kuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya. Zilizobaki zilikuwa jeshi kubwa lisilo na uzazi.

Katika mji huo huo, Sheila Singh na Peter Dirks wa Hospitali ya Watoto Wagonjwa waliuliza kama ubongo nao uko hivyo. Walichukua vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, wakavivunja hadi seli moja moja, wakatafuta zile zenye protini iitwayo CD133 juu ya ngozi yake, protini inayopatikana pia kwenye seli shina za kawaida za ubongo. Anayechenjua dhahabu Namoya hupitisha mchanga na maji juu ya ubao uliotandikwa kitambaa ili chembe nzito zinase. Toronto kitambaa chao kilikuwa kingamwili iliyofungwa kwenye vipunje vya sumaku: seli yenye CD133 hunasa, isiyo nayo hupita. Kisha wakapandikiza kila kundi kwenye ubongo wa panya wasio na kinga.

Matokeo yaliyotoka Novemba 2004 katika jarida la Nature ndiyo yaliyofanya uwanja mzima ugeuke. Seli 100 zenye CD133 zilitosha kuzaa uvimbe mpya uliofanana na wa mgonjwa. Seli 100,000 zisizo nayo hazikuzaa kitu.

Miaka miwili baadaye, kundi la Jeremy Rich katika Chuo Kikuu cha Duke likaonyesha kinachotokea mashine ya mionzi ikiwashwa. Mionzi huua kwa kukata nyuzi za DNA. Seli za kawaida za uvimbe zikikatwa, nyingi hufa. Zile zenye CD133 huamsha haraka zaidi walinzi wao wa ndani, husimamisha kugawanyika, huziba palipokatika, kisha huendelea. Baada ya mionzi sehemu yao ndani ya uvimbe ilikuwa kubwa kuliko kabla. Uvimbe mzima umepungua, familia imefurahi, picha inapendeza, na waliobaki humo ndio wabaya zaidi.

Dawa nazo zina matatizo yao. Temozolomaidi, iliyobuniwa na kundi la Malcolm Stevens wa Chuo Kikuu cha Aston huko Birmingham, huitia DNA jeraha linaloiua seli inapojaribu kugawanyika. Seli iliyolala haiguswi sana. Mwaka 2012 Luis Parada na wenzake huko Dallas walitengeneza panya ambao seli zao zenye tabia ya shina ziling'aa kijani. Dawa ilifagia zile zilizokuwa zikigawanyika kwa kasi. Baada ya muda, kutoka kwenye zile za kijani zilizokuwa zimelala, uvimbe ukaanza kujijenga upya. Watafiti walipoziua za kijani kwa njia nyingine, uvimbe ulizorota na panya wakaishi muda mrefu zaidi. Kwa panya angalau, muuaji alionekana akiamka.

Kuna mbinu nyingine za kujikinga. Baadhi ya seli zina pampu kwenye kuta zake zinazotema dawa nje kabla haijafanya kazi. Nyingine hutengeneza protini iitwayo MGMT inayorekebisha jeraha lile lile ambalo temozolomaidi hulitia. Wagonjwa ambao uvimbe wao umezima MGMT ndio wanaofaidika zaidi na dawa hiyo. Tena kuna suala la makazi. Katikati ya uvimbe mkubwa, damu haifiki vizuri na oksijeni ni haba. Mionzi inahitaji oksijeni ili jeraha lake lisiponyeke, kwa hiyo penye uhaba wa hewa mionzi hudhoofika, na penye uhaba huo ndipo seli shina nyingi hupatikana. Mwaka 2019 makundi ya Heidelberg na Stanford yakaongeza jingine la kushangaza: seli za uvimbe huungana na neva za ubongo na kupokea ishara zake za umeme, na ishara hizo huzisaidia kukua.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kusema: tafuta seli shina, ziue, kazi imekwisha. Wapo waliosema hivyo, na baadhi ya magazeti yaliwaamini. Lakini watafiti wengine walijaribu tena jaribio la Toronto na kukuta kwamba seli zisizo na CD133 kutoka kwa baadhi ya wagonjwa nazo zilizaa uvimbe. CD133 haikuwa kitambulisho cha kuaminika kwa kila mtu. Kisha ikaja teknolojia ya kusoma kazi za kila seli peke yake. Mwaka 2019 kundi la Mario Suvà wa Boston na Itay Tirosh wa Israeli lilieleza kwamba seli za glioblastoma zinaishi katika hali nne kuu, na kwamba seli iliyo katika hali moja inaweza kuhamia nyingine. Ukiua zote zilizo katika hali ya shina leo, kesho baadhi ya zilizobaki huvaa hali hiyo. Ushina, kwa glioblastoma, unafanana zaidi na cheo kinachoweza kushikwa na seli nyingi kuliko ukoo wa kuzaliwa.

Hili ndilo linalofanya dawa moja ya ajabu isitarajiwe. Machi 2024 madaktari wa hospitali ya Massachusetts General waliripoti wagonjwa watatu waliotibiwa kwa chembe zao wenyewe za kinga zilizofundishwa kutambua uvimbe. Kwa mmoja wao, picha zilionyesha uvimbe ukikaribia kutoweka ndani ya siku tano. Ulirudi. Wanasayansi walifurahi hata hivyo, na walikuwa na haki, maana ilithibitika kwamba kinga inaweza kufika huko ndani na kufanya kazi. Kinachofuata ni kuifanya ishambulie shabaha kadhaa kwa pamoja na kudumu.

Haya yote yanamhusu vipi mtu wa Kabambare?

Yanamhusu kwanza kwa sababu yanaondoa lawama. Uvimbe uliorudi haukurudi kwa sababu ya chakula, wala kwa sababu dada wa mgonjwa alichelewa kuleta fedha za upasuaji, wala kwa sababu ya mkono wa mtu. Zebaki ambayo wachimbaji wadogo katika nchi nyingi huitumia kukamatia dhahabu ni sumu ya kweli ya neva, huleta mtetemo na kupoteza kumbukumbu, na moshi wake unapaswa kuogopwa. Lakini haijathibitishwa kuleta glioblastoma. Mionzi mikali na kasoro chache za kurithi ndizo zinazojulikana, na wagonjwa wengi hawana hata mojawapo.

Pili, yanamhusu kwa sababu ya ratiba. Tiba ya Stupp ni vipindi 30 vya mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita mfululizo, pamoja na kidonge kila siku. Kisha vidonge vya siku tano katika kila siku 28, kwa mizunguko sita. Mtu wa Salamabila hawezi kwenda na kurudi. Atahitaji mahali pa kulala kwa mwezi mmoja na nusu, na mtu wa kumpikia. Kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba vipindi 15 kwa wiki tatu pamoja na dawa vinaongeza uhai kuliko mionzi hiyo peke yake, na familia ya mzee ina haki ya kumuuliza daktari juu ya njia hiyo fupi.

Mashine zenyewe ziko mbali. Wagonjwa wa mashariki mwa Kongo wamekuwa wakivuka mipaka: Kampala, Kigali ambako tiba ya mionzi inatolewa katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, au kupita Ziwa Tanganyika hadi Kigoma na kushuka Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Njia hiyo ya mwisho kwa sehemu ndiyo ile ya misafara ya karne ya 19, iliyounganisha Ujiji na mji wa Kasongo wa mfanyabiashara Tippu Tip kupitia Kabambare, na kuleta huku lugha hii ya Kiswahili.

Na kufika si kutibiwa. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyotolewa na China mwaka 1995, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Nchi nzima, pamoja na majirani walioitegemea, ikabaki bila tiba hiyo. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400; waliobaki walisubiri. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili, swali la seli zinazostahimili mionzi lilikuwa anasa, kwa kuwa mionzi yenyewe haikuwepo.

Lakini safari nzima huanzia kwenye kituo cha afya, mbele ya muuguzi mmoja. Kasongo inalijua hili kuliko miji mingi. Ni hapo ambapo, kuanzia miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp na madaktari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walijaribu mpango wa vituo vidogo vya wauguzi vinavyotegemeana na hospitali moja ya rufaa, mpango uliosaidia kuunda kanda za afya ambazo Kongo inazo hadi leo. Muuguzi wa kituo hana skana. Ana masikio. Maumivu ya kichwa yanayozidi alfajiri na kuja na kutapika, kifafa kinachoanza utu uzimani, mkono unaolegea kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, macho yanayopungua nguvu, mtu mpole aliyegeuka mkorofi bila sababu. Kwa mtoto, kuyumba anapotembea na kutapika bila homa. Moja kati ya hayo peke yake si lazima liwe uvimbe. Yakikutana mawili, au dawa ya malaria ikimalizwa na hali ikazidi, karatasi ya rufaa iandikwe.

Kuna kidonge kimoja kinachowapotosha wengi, nacho ni deksamethasoni. Hupunguza maji yanayouzunguka uvimbe, na ndani ya siku moja au mbili mgonjwa aliyekuwa hajitambui anaweza kuketi na kuomba chai. Familia husema amepona, hurudi nyumbani, huacha dawa ghafla. Uvimbe haujaguswa hata kidogo. Kuiacha dawa hiyo ghafla baada ya wiki kadhaa kwenyewe ni hatari. Hupunguzwa kwa hatua, kwa maelekezo ya daktari.

Jingine la kuonya ni biashara. Katika miji ya Afrika Mashariki vinauzwa vidonge na unga unaodaiwa kuwa na seli shina, wauzaji wakiahidi kuponya kila kitu kuanzia kisukari hadi saratani. Hakuna kidonge cha namna hiyo kilichothibitishwa kutibu uvimbe wa ubongo. Aliyesoma hadi hapa atakuwa ameona pia kichekesho chake: katika glioblastoma, seli zenye tabia ya shina ndizo madaktari wanazohangaika kuziua.

Anayejiandaa kusafiri kutoka Salamabila au Kasongo abebe picha zote za kichwa alizopigwa, zikiwa kwenye filamu au kwenye CD, na sio maelezo ya karatasi pekee. Akiwa tayari amefanyiwa upasuaji, adai jibu la maabara la kipande kilichotolewa, na aombe kipande chenyewe kilichohifadhiwa kwenye nta, kwa sababu bila hicho daktari wa pili ataanza upya. Aandike majina ya dawa na vipimo vyake. Aulize mapema gharama ya malazi kwa wiki sita. Na kabla ya kununua tiketi, apige simu hospitali anakokwenda aulize kama mashine ya mionzi inafanya kazi wiki hiyo.